Moyo Unaokimbia Jioni

Jumatatu, 3 Machi

Joto, mapigo, pumzi. Kitanda hadi kitanda. Nimeanza na wanaolia, kama kawaida yangu, na Sista Adventina, mkuu wa wodi yetu ya watoto, amenigeuza: anza na walionyamaza. Anayelia ana nguvu ya kulia. Miaka yote hii nauguza hapa Muleba na bado ananifundisha kutembea. Ana haki. Imeniuma hata hivyo.

Aliyenyamaza kuliko wote wiki iliyopita alikuwa Kemilembe. Miaka minne, kutoka Ngenge, nimonia kali. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Leo mrija wa oksijeni umetoka puani, homa imekwisha, amekaa akiegemea mto. Nimemsafisha kinywa kwa kitambaa na maji ya chumvi. Kitambaa kimetoka na rangi ya udongo. Uji wa ulezi, nadhani. Katikati ya usafi ameniuma kidole. Nimefurahi sana. Mtoto mahututi haumi mtu.

Anauguzwa na bibi yake, kwa kuwa mama amejifungua hivi karibuni na hawezi safari. Bibi ni mwembamba, mnyoofu, kanga zake safi hata wodini. Mtu akitajwa, yeye anauliza kwanza ni wa wapi na ni wa nani. Nilipomwambia nimezaliwa Kanazi akaridhika, kana kwamba nimemwonyesha cheti.

Jambo moja. Asubuhi mapigo ya moyo ya Kemilembe yalikuwa mia na kumi. Sawa kabisa kwa umri wake. Jioni, kabla sijakabidhi zamu, mia na sitini. Nikahesabu tena. Mia na sitini. Homa hana, halii, hajakimbia popote. Kwa nini?

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi yametulia. Jioni yamepanda tena.

Nina ugonjwa wa kutaka kujua. Mama alikuwa akisema nitakufa nikiuliza malaika ananipeleka wapi. Basi nimeuliza kila kitu kwa vidole na macho. Joto: la kawaida. Pumzi: za kawaida. Mahali pa kanula, mrija wa kupitishia sindano, mkononi: hapajavimba, hapana joto. Mkojo: upo. Amepauka? Kidogo, si sana. Lakini vidole vyake vinatetemeka akishika kikombe, na Bibi anasema hapati usingizi, anakodoa macho tu darini.

Wageni wao ni wengi. Majirani wa Ngenge, watu wa kanisani, wajomba. Wamepanda kitandani kwa Kemilembe kama sebuleni. Bibi akatoa kikapu chake kidogo, akanikaribisha akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, iliyochemshwa na majani na kukaushwa. Ngenge wanaijua kazi yao. Imekolea moshi vizuri. Nimechukua tatu nne, nikatafuna huku nikihesabu mapigo ya mtoto. Wakola waitu, nikamwambia, asante. Amecheka Kihaya changu cha mjini.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwita Daktari Massawe jioni, moyo ukiwa katika mbio zake. Ni kijana wa Moshi, mpole, anapasha moto kifaa cha kusikilizia kiganjani kabla hajamgusa mtoto. Amesikiliza muda mrefu. Akauma mdomo. Hilo silipendi kwa daktari.

Anashuku moyo. Huenda nimonia iliuchosha, huenda ulikuwa na kasoro tangu kuzaliwa na hakuna aliyejua. Hapa kwetu hatuna kipimo cha kuutazama ndani. Ameanzisha dawa ya kukojoza, amepunguza maji ya kunywa. Kama hadi Jumatatu hakuna nafuu, rufaa kwenda Mwanza.

Bibi alisikia neno moja tu, Mwanza. Shemeji yake alipelekwa huko kwa ajili ya moyo, akarudi ndani ya sanduku. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Sista, huyu kama ni wa kufa atafia kwa mama yake." Nikamweleza kwamba sindano hazijaisha, kwamba nimonia iliyoachwa nusu inarudi na hasira. Akaitikia ndiyo, ndiyo waitu. Ndiyo ya Mhaya mwenye adabu. Haimaanishi kitu.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo. Wakiondoka kabla ya sindano kwisha, huyu mtoto atakufa kijijini, na itakuwa ni kwa sababu mimi nilihesabu mapigo.

Alhamisi, 6 Machi

Kiu. Kemilembe anaomba maji na mimi namlowesha midomo kwa kitambaa. Kazi mbaya kuliko kuchoma sindano.

Jioni mapigo yako juu vile vile. Dawa haijafanya kitu. Nimeanza kuishuku saa yangu. Nimepima watoto wote upande wa dirishani kwa saa hiyo hiyo. Wote sawa. Nikapima mlinzi wa getini. Sawa, ila anataka nimpime kila siku sasa.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua tangu alfajiri. Maji yamepita juu ya barabara ya Ngenge, hakuna mgeni hata mmoja aliyekuja. Bibi amejiinamia kitandani kama mtu aliyekosa kanisa.

Jioni, mapigo ya Kemilembe: mia na tano. Amelala mapema, mdomo wazi. Daktari Massawe amefurahi, anasema dawa imekubali. Sista Adventina amesema Bwana asifiwe. Mimi nimesema amina, lakini nina shaka. Dawa iligoma Jumatano na Alhamisi, ikakubali siku ya mvua?

Jumamosi, 8 Machi

Barabara imefunguka. Wageni wamekuja wa siku mbili kwa pamoja. Jioni mia na sitini na nane.

Kwa hiyo ni wageni. Nimelisema hilo kwa Sista Adventina, akanitazama juu ya miwani. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na hapa mwenyeji anazidi kuugua. Nimefikiri labda kuna mtu anayemtisha mtoto. Nikamchunguza mjomba mmoja mwenye sauti nzito, nikamchukia bure saa nzima. Kumbe amemletea mpira wa matambara, na anamwimbia. Nimeona haya. Nimekaa nao kitandani tangu walipofika hadi walipoondoka, nikitafuna kahawa ya Bibi na kukodoa macho, na sijaona kitu. Wameongea, wamesali, wameaga.

Kisha ametapika. Ndani ya matapishi kuna vitu vyeusi vyeusi, vidogo. Chuoni tulikaririshwa: matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa ni damu iliyokaa tumboni. Nimempelekea Daktari Massawe beseni mbio. Amelitazama chini ya taa, amekunja uso, akasema hapana, sasa hatusubiri. Jumatatu asubuhi gari la wagonjwa, Mwanza.

Bibi hakubishana. Nilipopita baadaye alikuwa anakunja nguo za mtoto, kipande kimoja kimoja, anazifunga kwenye kanga. Nimemuuliza mama wa kitanda cha jirani. Amesema Bibi ameshaongea na mtu mwenye pikipiki. Watatoka kesho jioni, wageni wakiwa wengi, asionekane.

Nimemwambia Adventina. Amesema atakaa karibu na mlango. Kesho ni mapumziko yangu. Nilitaka kubaki akanifukuza. "Nenda nyumbani, unanuka wodi."

Jumapili, 9 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Bukoba asubuhi. Nimepeleka saa ibadilishwe betri kwa Mzee Amir, fundi saa, duka ambalo baba yake alilifungua na ambalo watoto wake hawalitaki, wote wako ughaibuni. Anaongea Kihaya vizuri kuliko vijana wa mtaa wa Kashai. Amefungua saa, akasema betri ni nzima na saa ni nzima. "Mgonjwa wako ndiye mbovu." Akanyoosha mkono nimpime. Nimempima. Mzima kama saa.

Kisha Kanazi kwa mama. Nimemkuta anarudi ibadani na mtoto wa dada yangu, wa miaka mitano, mtundu. Tumekaa. Mama akaleta kikapu, kama anavyomletea kila anayevuka kizingiti, hata mimi niliyetoka tumboni mwake. Nikachukua, nikaanza kutafuna, nikaanza kumsimulia habari za Kemilembe. Nikafika kwenye matapishi. Nikasema yalifanana na machicha ya kahawa.

Hapo mtoto akatia mkono kikapuni. Mama akampiga kofi la mkono bila hata kumtazama. "Toa! Hii si ya watoto. Leo utaruka usiku kucha kama senene."

Nilikuwa na punje tatu mdomoni. Nikazitema kiganjani nikazitazama. Nyeusi, zimepasuka, maganda madogo madogo.

Hayakufanana na kahawa. Yalikuwa kahawa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kilikuwa kinywani mwangu! Wiki nzima nimekaa kwenye kitanda kile nikitafuna, nikitafuta kitu cha ajabu, na kitu chenyewe si cha ajabu hata kidogo, ni salamu. Nani anaiona salamu?

Nimempigia Adventina. Nimemwambia angalia mdomo wa Kemilembe, ndani ya shavu. Amecheka. Halafu kimya, nasikia viatu vyake, nasikia Bibi akiuliza kuna nini. Akarudi kwenye simu, sauti nyingine kabisa. "Mbili. Shavu la kushoto. Ameng'ang'ania nisizitoe." Nikamwambia asimgombeze Bibi. Asimwache aondoke. Nakuja.

Mama amenifungia ndizi za kuchoma nile njiani. Nimefika Muleba jua likizama. Pikipiki ilikuwa getini, dereva amelala juu yake. Nimemwambia hapa hakuna safari. Ameniangalia, akaondoka. Sijui nilikuwa na uso gani.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekaa na Bibi kwenye benchi la nje. Sikutaka kumuuliza mbele ya watu. Nimeuliza polepole, na kwa Kihaya, hata kibovu. Kwa nini ulimpa?

Ameshangaa kuulizwa. Amejibu kwa Kiswahili, labda kunionea huruma. "Sista, nyumbani mtoto hatafuni, najua. Lakini hawa wageni hawaji kwangu. Wanakuja kwake. Kile kitanda ndiyo nyumba yake. Wageni watafune, mwenye nyumba akae mdomo mtupu? Watasema nimemlea vipi?"

Kwa hiyo kila mgeni aliyekaa, yeye alimpa mtoto moja au mbili. Ampokee mgeni wake kwa adabu. Na alipomwona anachangamka, macho yanafunguka, anataka kuongea, aliongeza. Alidhani inampa nguvu. Ningekuwa yeye, ningeongeza pia.

Nimemweleza kwamba kahawa inaukimbiza moyo, hasa moyo wa mtoto mdogo ambaye bado hana nguvu. Amesikiliza hadi mwisho. Kisha akafunika uso kwa kanga na akasema, "Mimi ndiye ninayemuua." Nimemwambia hapana. Nimemwambia mimi nimesomea kazi hii, nilikaa pale nikatafuna kahawa yako kila siku, na sikuona. Sijui kama limemsaidia. Mimi limenisaidia kulisema.

Daktari Massawe alikuja na karatasi ya rufaa mkononi. Nimemsimulia. Hakukasirika, hakucheka. Ameomba aonje. Ametafuna moja, uso ukamkunjika wote. "Kwetu tunailima tangu babu. Tunaiuza. Hakuna anayekula hii kitu!" Kisha akaniuliza maswali kumi: inachemshwa kwa muda gani, majani gani, mtu mzima hutafuna ngapi. Nimempenda kwa hayo maswali. Lakini ni daktari, hakunipa sherehe. Amesema inawezekana ni kahawa, inawezekana ni kahawa pamoja na moyo. Amesimamisha dawa ya kukojoza, ameruhusu maji, amezuia kahawa. Gari la Mwanza lisubiri siku mbili. Mapigo yakipanda tena bila kahawa, mtoto anaondoka, Bibi atake asitake.

Kemilembe amekunywa vikombe viwili vya maji mfululizo. Nimesimama kumtazama tu.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbaya.

Kemilembe ameshika kichwa tangu asubuhi, analia, anasinzia, hataki uji. Mapigo hayako juu, ila amelegea, na mimi nimewaza mambo yote mabaya ninayoyajua, na nayajua mengi. Damu. Ubongo. Huenda nilikosea, na nimewafanya wachelewe Mwanza. Nimempima joto mara nyingi hadi kipimajoto kimemchosha. Daktari Massawe amekuja mara mbili. Anasema ndivyo inavyokuwa kahawa ikikatwa ghafla, hata kwa wazee, kichwa kinauma, tumpe muda. Amesema hivyo bila kuniangalia usoni.

Na Bibi. Wageni wamekuja jioni, amewarudisha getini. Amekaa kwenye benchi la nje akigeukia ukuta. Kikapu amempa mjomba akitupe. Hamshiki mtoto. Anaogopa mikono yake mwenyewe. Nimemlisha Kemilembe mimi, kijiko kidogo kidogo, akiwa ameketi wima ili asipaliwe, na kila kijiko ametazama mlangoni kumtafuta bibi yake. Amekula vijiko vinne. Akageuza uso.

Nimetoka nje nikamwambia Bibi ukweli. Dawa zangu zote haziwezi kumlisha mtoto anayemtafuta mtu. Nimesema kwa ukali, kwa mtu mzima kama mama yangu. Nimejuta. Baada ya muda nimemwona ameinuka, amenawa mikono bombani, sabuni, hadi kwenye viwiko, kama tunavyofanya sisi. Akaingia. Uji umekwisha wote.

Jumatano, 12 Machi

Kichwa hakimuumi. Amecheza na mpira wa matambara kitandani, ukadondoka, akanituma niuokote. Amenituma!

Nimewaita wageni mimi mwenyewe. Nilitaka kuona. Mjomba wa sauti nzito, majirani, wote, nimewaketisha. Nimewaambia kahawa mtafunie nje, humu ndani hapana, na nimewaambia sababu. Wamecheka, wakamcheka Bibi kidogo, kwa upendo, naye akakubali kuchekwa. Walipoondoka nimeweka vidole kwenye mkono wa Kemilembe. Sikutaka kuanza kuhesabu. Nimeanza.

Mia na nane.

Nimemwita Daktari Massawe ahesabu mwenyewe. Mia na nane. Amechana karatasi ya rufaa mara mbili, akaiweka mfukoni, akaenda kitanda kingine. Alikuwa anapiga mluzi.

Nimeingia stoo ya mashuka nikalia. Dakika chache. Kisha nikatoka na mashuka.

Alhamisi, 13 Machi

Jioni, mia na tano. Sindano ya mwisho imechomwa. Nimetoa kanula, nimebana pamba hadi damu imekauka. Hakulia.

Nimemuomba Adventina nizungumze na akina mama wote wa wodi kila Jumatatu. Si kuwahubiria. Kuwauliza. Mnampa nini, saa ngapi, kwa nini. Kuuliza si ujinga. Amesema nianze na yeye, ana kisukari na anakunywa chai ya sukari kwa siri. Sikujua.

Ijumaa, 14 Machi

Wameruhusiwa. Mvua ndogo asubuhi, kisha jua.

Nilipofika kitandani, Bibi alikuwa amefunga vitu vyote. Nilitaka kusimama, nimpime mara ya mwisho, niondoke, wodi imejaa. Bibi hakukubali. Akavuta kanga akapangusa pembeni mwa kitanda, nikakaa. Akamnong'oneza Kemilembe neno la Kihaya ambalo sikulisikia. Mtoto akashuka mwenyewe, miguu mitupu kwenye sakafu, akachukua kikombe cha uji kwa mikono miwili, akaja nacho polepole asimwage.

Akapiga magoti mbele yangu, kama binti aliyelelewa, akaninyooshea.

Nimekunywa wote. Ulikuwa umepoa. Nimemrudishia kikombe. Akainuka kutoka magotini bila kushika kitanda, bila kuhema, akampelekea bibi yake.